Mume anasema "tutajipikia". Nani atapika?

Shikamoo mama,

Mimi ni muuguzi, naishi Dublin na mume wangu na watoto wawili, wa kike ana miaka tisa na wa kiume sita. Mwezi wa nane mama yangu mzazi anakuja kututembelea kutoka Mwanza. Hajawahi kupanda ndege maishani mwake. Viza ya Ireland kashapata, ile ya kuingia mara moja, na namshukuru Mungu maana tulihangaika nayo.

Mume wangu hataki tukae Dublin muda wote. Anataka tukodi nyumba shamba, huko kwenye maziwa, wiki nzima. Ni hizi nyumba za kujipikia: unapewa ufunguo, jiko, vitanda na sebule, mengine yote juu yako. Anasema mama kakulia ziwani, atafurahi kuyaona maji, na watoto watapata pa kukimbia badala ya kufungiwa kwenye fleti. Ameshachagua mbili. Moja iko karibu na Drumshanbo, kaunti ya Leitrim, juu kidogo ya ziwa Lough Allen. Nyingine iko nje ya Enniskillen, kwenye Lough Erne. Hiyo ya pili ni nzuri zaidi kwa picha, ina gati dogo la boti na bei yake imepungua, na ndiyo anayoitaka. Arbuni inatakiwa Ijumaa.

Ili gharama ipungue amemwalika rafiki yake Mkenya na mkewe na watoto wao watatu. Jumla tutakuwa watu kumi. Nyumba imeandikwa ni ya watu wanane. Anasema watoto watalala chini, nani atakuja kuhesabu.

Sasa mama, shida yangu hasa ni hii. Nilipomuuliza habari ya chakula alinijibu, "Tutajipikia, ndiyo raha yenyewe." Mume wangu ni mtu mwema na watoto anawapenda, ila tangu tuoane sijamwona akisonga ugali. Mwaka juzi tulikodi nyumba kama hiyo Wexford na ndugu zake. Asubuhi chapati, mchana wali, jioni ugali, na vyombo katikati. Wenzangu wanarudi ufukweni na mchanga miguuni wananiuliza, "Bado tu?" Nilirudi kazini nimechoka kuliko nilivyoondoka.

Na safari hii kuna mama. Amenisomesha kwa kuuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Namjua, akinikuta jikoni hatakaa kitako, atanipokonya mwiko. Nimlete mama yangu ng'ambo aje kupikia watu kumi kwenye nyumba ya watu? Naona uchungu hata kuwaza. Nikikataa safari, mume ataona namkataa rafiki yake. Mke wa huyo rafiki nimeonana naye kwenye sherehe tu, simjui tabia.

Halafu kuna mwenzangu kazini kanitia hofu. Anasema huko shamba hawajazoea watu weusi, tutatazamwa hadi tukose raha.

Niende, au nitafute hoteli hata ya siku mbili niishie hapo? Na kama ni kwenda, nijipange vipi?

Muuguzi, Dublin

*

Marahaba mwanangu,

Nenda. Ila msiende Enniskillen, msiende watu kumi kwenye nyumba ya wanane, na arbuni isilipwe kabla mume wako hajajua siku zake za kupika ni zipi.

Naanza na Enniskillen kwa sababu Ijumaa inakuja. Mji huo uko kaunti ya Fermanagh, na Fermanagh ni Ireland Kaskazini, yaani ni Uingereza. Viza ya mama yako ni ya Jamhuri ya Ireland, haimruhusu kukanyaga huko hata kwa saa moja. Upo mpango wa viza moja kutumika pande zote mbili, lakini ni wa raia wa China na India tu, Mtanzania hamo. Mumeo atakwambia mpakani hakuna mtu, na kwa hilo hatakosea. Hakuna kizuizi wala kibanda. Utajua umevuka pale vibao vya mwendo vinapoacha kilomita na kuanza maili. Lakini sheria ipo palepale, na maofisa wa uhamiaji huwa wanakagua mabasi na treni zinazotoka kaskazini. Mama aliyepewa ruhusa ya kuingia mara moja, akikutwa ametoka na kurudi, ataeleza nini? Na mwakani ukitaka kumwita tena, jambo hilo litakuwa kwenye faili lake. Nawe na mumeo jitazameni pia. Kama mna pasipoti za Ireland, mnapita bila neno. Kama bado mnatembelea pasipoti ya Tanzania na kadi ya ukaazi ya Ireland, kadi hiyo haiwavushi, nanyi mnahitaji viza ya Uingereza.

Hata mkikaa upande huu, chungeni barabara. Ukitoka mji wa Cavan kwenda Clones, barabara kuu inaingia Fermanagh na kutoka zaidi ya mara moja, na ramani ya kwenye simu haijui habari za viza ya mama. Zile ngazi ndefu za mbao za mlima Cuilcagh ambazo kila mtu anapigia picha, na mapango ya Marble Arch, vyote viko upande wa kaskazini. Viacheni kwa sasa.

Drumshanbo ndiyo ninayoikubali kwa ajili ya mama. Lough Allen ni ziwa la kwanza kubwa ambalo mto Shannon unaliingia, lina kama kilomita za mraba 35. Kwa mtu aliyezoea Ziwa Victoria lenye karibu kilomita za mraba 69,000 atauliza kama hilo nalo ni ziwa, maana popote atakaposimama ataona ng'ambo. Usimnyime hicho kicheko. Mlima Slieve Anierin unalitazama ziwa kutoka mashariki, na ukitoka mjini kidogo, kwenye ziwa dogo la Acres, kuna njia ya mbao inayoelea juu ya maji ambayo mtu mzima anatembea polepole bila kupanda kilima. Mpelekeni pia Shannon Pot, kwenye kaunti ya Cavan, mnapitia Dowra. Ni kidimbwi cheusi chini ya miti, maji yanapanda kutoka chini ya mwamba kimyakimya, na hapo ndipo mto mrefu kuliko yote ya Ireland, kama kilomita 360, unapoanzia. Unakizunguka kwa hatua chache. Mkimaliza geuzeni mrudi mlikotoka. Mkiendelea mbele hadi Blacklion mkavuka daraja, mmeingia Belcoo, na Belcoo ni Fermanagh.

Sasa watu kumi. Hapa sina ulaini na mumeo. Nyumba ya shamba haijaungwa na bomba la maji machafu la mji. Kila kitu kinaingia kwenye tangi lililofukiwa uani, na tangi hilo lilijengwa kwa idadi fulani ya watu. Maji ya moto ni hivyo hivyo: mara nyingi kuna tangi moja kwenye kabati la ghorofani, na wa tano kuoga anakuta baridi. Wa tano huyo, kwa jinsi tulivyolelewa kuwapisha wengine, atakuwa mama yako. Bima ya mwenye nyumba nayo inahesabu vichwa, na kwa vijijini jirani ndiye shemeji au binamu wa mwenye nyumba. Watahesabu.

Mwambie mumeo atafute nyumba mbili ndogo kwenye uwanja mmoja. Huko maziwani zipo nyingi za namna hiyo, mkulima alikarabati mazizi ya zamani yakawa nyumba mbili au tatu zinazotazamana. Kila familia inakuwa na jiko lake, choo chake na ufunguo wake. Watoto wanacheza pamoja mchana kutwa, jioni mkipenda mnakula pamoja, msipopenda kila mtu na kwake. Rafiki wa mumeo hajakataliwa, na wewe hujabeba matumbo ya watu usiowazoea.

Na kuna jambo ambalo hukuliandika lakini nimelisoma katikati ya mistari. Mama na mkwe. Mama yako atakuwa anatoka bafuni na kanga yake huku mkwe wake amesimama kwenye korido na taulo? Nyumba hizi kuta zake za ndani mara nyingi ni nyepesi, kikohozi kinasikika. Tafuteni yenye chumba cha chini chenye bafu lake ndani, kiwe cha mama. Asipande ngazi usiku, asipishane na mkwe. Kwa hili ongezeni hela hata kama itabidi kupunguza siku.

Sasa nije kwenye mwiko.

Hoteli ya siku mbili haitakuponya, kwa sababu kilichokuchosha Wexford hakikuwa nyumba. Kilikuwa ni kwamba watu wote walikwenda likizo isipokuwa wewe. Mumeo anaposema "tutajipikia" simwoni kama anakuonea kwa makusudi. Hajawahi kuona chakula kikitokea bila wewe, basi anadhani kinatokea chenyewe. Asubuhi ya siku ya pili, watu wameshashika masahani, hutaweza kumwonyesha tena. Muonyeshe sasa, nyumbani, kwa kalamu na karatasi, watoto wakishalala.

Wiki ya Jumamosi hadi Jumamosi ina vyakula saba vya jioni. Chora saba. Viwili ni vya mumeo. Viwili ni vyenu na familia ya pili kwa kupeana, kimoja wanapika wao na kimoja unapika wewe. Viwili mnanunua: Jumapili mle mchana badala ya jioni, kwenye hoteli au baa za miji hii kuna nyama ya kuoka, viazi na mboga unazopakuliwa kwenye sahani moja, watu wa huko wenyewe wanakwenda na bibi zao na watoto, ni mahali pa heshima kabisa kumpeleka mama. Siku ya pili iwe ya chipsi na samaki wa kukaanga. Kinachobaki ni kimoja, hicho ni cha mama, na nitakieleza. Asubuhi hakuna mpishi. Mkate, mayai, maziwa na matunda vinawekwa mezani, kila mwenye mikono anajihudumia, na wa miaka tisa anaweza kumpakia siagi wa miaka sita.

Ukishachora, mwambie mumeo siku yake maana yake nini. Maana yake ni yeye kuwaza tangu jana yake kitaliwa nini, kuangalia kama vitunguu vipo, kuendesha gari kwenda kununua, kupika, na kuhakikisha vyombo vimeoshwa. Kugeuza nyama dakika kumi huku wewe umeshakatakata kila kitu hakuhesabiki. Na wewe nawe uwe mkali kwa nafsi yako. Wali ukishika chini, ule ulioshika chini. Usiinuke. Ukiinuka mara moja tu, kazi imerudi kwako hadi Jumamosi, na ninakusihi hasa katika hili kwa sababu ninyi wauguzi mmezoea kuinuka.

Kama anasita kuingia jikoni mbele ya mama mkwe, na wapo wanaume wa kwetu wanaoona haya ya kweli, aanzie nje. Aulize kama uwanjani kuna jiko la kuchomea nyama. Nyama choma mwanaume wa Kitanzania au Mkenya anaisimamia bila kuambiwa, na hapo rafiki yake naye atajiunga.

Kwa mama zungumza kabla hajapanda ndege. Usimwambie "mama usipike", atasikia kwamba amekuwa mzee au kwamba chakula chake hakitakiwi. Mwambie, "Mama, mkweo anataka akupikie kwa mikono yake, naomba umpokee." Mama aliyelea watu anajua kupokea heshima akiiona. Halafu mpe siku yake moja, ya samaki, achague mwenyewe aina na mapishi, na wewe uwe msaidizi wake kama zamani. Nadhani hilo nalo unalitamani. Kumpikia mtu mmoja umpendaye, jikoni na mama yako, hakuna harufu ya kazi ndani yake.

Kuhusu samaki mtayarishe. Kwenye maziwa ya Leitrim, Cavan na Roscommon atawaona wavuvi wakikaa kutwa na fimbo ndefu, wakivua samaki mnene aitwaye bream, wanampima, wanampiga picha, kisha wanamrudisha majini. Mama yako aliyehesabu maisha kwa beseni za samaki atashika kichwa. Mweleze kwamba ni sheria na ni mazoea pia. Upande wa Jamhuri hakuna leseni ya kuvua bream, wala perch au pike, samaki wengine wa maziwa hayo, lakini mtu haruhusiwi kuchukua zaidi ya samaki wanne wa namna ya bream na perch kwa siku, na wasizidi sentimita 25 kila mmoja. Pike ni mmoja tu kwa siku, asizidi sentimita 50. Samaki aitwaye mkunga, yule mrefu kama nyoka, haruhusiwi kabisa. Salmoni ana leseni yake. Kwa hiyo samaki wa siku ya mama mnunue dukani Carrick-on-Shannon, kama kilomita 15 kutoka Drumshanbo, kuna supamaketi kubwa. Perch wadogo wawili watatu watakaovuliwa na watoto wakaange pembeni, nyama yake ni tamu.

Vifaa vya jikoni nitasimamia kidogo, maana hapa ndipo siku ya kwanza huharibika. Muulize mwenye nyumba jiko ni la aina gani. Likiwa la induksheni, yaani lile la kioo linalopasha chuma kwa sumaku, sufuria zetu za alumini hazitapata moto hata kidogo. Utaweka maji ya ugali, utasubiri, kioo kitawaka alama nyekundu na maji yatabaki baridi. Chukua sumaku ya kwenye friji uibandike chini ya sufuria. Ikinasa, hiyo itafanya kazi. Kikaango cha chuma cha chapati kinafaa, ila kiweke taratibu kwenye kioo. Sufuria za nyumba hizi ni za watu wawili watatu, za kuchemshia viazi, basi bebeni moja kubwa ya chuma na mwiko wenu. Unga wa ugali, maharage na viungo nunueni kabisa Moore Street, hapo Dublin, kabla ya kuondoka. Tui la kopo mtalipata huko huko. Mkikaanga fungueni dirisha na washeni feni ya juu ya jiko, la sivyo king'ora cha moshi kitalia nyumba nzima. Kikilia, msitoe betri. Mafuta yaliyotumika yaacheni yapoe, yamimineni kwenye chupa, yasiingie kwenye sinki, nimeshakueleza habari ya lile tangi.

Mwulize pia kama umeme, mafuta ya kupashia nyumba na kuni vimo ndani ya bei, kwa kuwa wengine husoma mita mkifika na mkiondoka. Kama mashuka na taulo vipo. Swichi ya kupashia maji iko wapi. Bafuni, kama maji hayatoki ya moto, tafuta kamba inayoning'inia darini, ivute. Na akupe msimbo wa Eircode wa nyumba. Tangu 2015 kila anwani ya Ireland ina wake, na shamba ambako nyumba hazina namba ndio utakaowafikisha mlangoni. Barabara ndogo za huko zina majani katikati, na tangu Februari 2025 kiwango cha mwendo kwenye barabara ndogo za vijijini kimeshuka kutoka kilomita 80 hadi 60 kwa saa. Mkikutana na trekta, mmoja anarudi nyuma. Yule dereva akiinua kidole kimoja juu ya usukani anakusalimu, nawe inua.

Agosti huko si joto la Mwanza wala hata la Dublin. Mvua itanyesha. Mpe mama soksi nene, viatu vya mpira na chupa ya maji ya moto ya kulalia, na mumeo awashe moto sebuleni hata kama yeye hasikii baridi. Mwanzoni mwa Agosti jua linazama baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo watoto watakataa kulala na mama atauliza chakula cha jioni ni saa ngapi. Upepo ukitulia jioni, usubi wanatoka kando ya maji, wanauma kweli. Mkipita kwenye majani marefu wakagueni watoto kupe kabla ya kulala.

Watoto na maji. Hapa usimwachie mtu mwingine, hata baba yao. Boti ikiwa chini ya mita saba, kila aliyemo anavaa jaketi okozi, na mwenye umri chini ya miaka 16 anavaa kwenye boti yoyote akiwa juu ya sitaha. Hiyo ni sheria ya Ireland. Mnapokodi boti jaketi za watoto ziwe za ukubwa wao, mkanda wa kati ya miguu umefungwa. Maji ya maziwa haya ni baridi kiasi cha kukata pumzi hata kiangazi, na kingo nyingine zinashuka ghafla. Namba ya dharura ni 112 au 999.

Sasa lile la kutazamwa. Mtatazamwa, ndiyo. Mgeni yeyote kwenye kijiji cha Leitrim anatazamwa, na mara nyingi baada ya macho huja swali, "Mmetoka wapi?", kisha habari ya hali ya hewa, kisha utasimuliwa habari za ndugu yao aliyekuwa padri au mtawa Afrika Mashariki. Mama yako akimsalimia mtu mkono kwa mkono na kumuuliza habari za nyumbani, ataonekana mwenye adabu, kwa sababu huko nako watu hawapitani kimya. Sitakuficha kwamba chuki ipo. Mwaka 2019 hoteli moja ya Rooskey, mpakani mwa Leitrim na Roscommon, ilichomwa moto mara mbili ilipopangwa kupokea waomba hifadhi. Lakini wewe unakwenda kwa mtu aliyekukodisha nyumba yake na anayetaka urudi. Kwa hiyo usimalizie mambo kwenye mtandao tu. Mpigie mwenye nyumba simu, mwambie mnakuja na mama mtu mzima kutoka Tanzania, usikilize sauti yake. Anayekupokea vizuri utamjua, na wengi wao huacha mkate wa soda na maziwa mezani. Asiyetaka kupokea simu kabisa usimtumie hela, matapeli wa nyumba za likizo ni wengi. Na akikunyima nyumba kwa sababu ya rangi yako, sheria ya usawa ya mwaka 2000 inakulinda, mlalamiko unapelekwa Workplace Relations Commission, tume ya serikali inayosikiliza pia kesi za ubaguzi, ila kwanza unamwandikia yeye ndani ya miezi miwili.

Mke wa rafiki mpigie wewe mwenyewe, leo au kesho. Usimngoje mumeo amletee habari mumewe. Mwulize anapenda kupika au hapendi, watoto wake wanakula nini, na mwambie mapema kwamba mnaweka hela ya chakula sawa kwa sawa kwenye kopo moja kabla ya kuondoka Dublin. Huenda naye amekaa kwake anajiuliza maswali haya haya.

Mama akikuuliza akuletee nini, dagaa wakavu anaruhusiwa. Samaki kwa matumizi ya nyumbani mwisho ni kilo 20 kwa mtu mmoja, awafunge vizuri wasitoe harufu kwenye sanduku. Nyama, hata iliyokaushwa, na maziwa havipiti. Maembe nayo ayaache, yanahitaji cheti cha afya ya mimea na atanyang'anywa uwanja wa ndege. Nazi na ndizi zinapita, hazina sharti hilo. Msalimie sana akifika.